Mchezaji Asiyeita Mpira

Siku mjukuu wangu alipokuja na barua ya shule ya kuomba ruhusa ya kucheza mpira wa Waaustralia, nilitia sahihi bila kuisoma. Nilikuwa na magauni sita ya harusi ya watu wa hapa Malvern, wote wananenepa kati ya kipimo na kipimo, na miguu yangu ilikuwa imevimba mpaka imekataa viatu. Nilidhani ni mpira huu tunaoujua sote. Wangeniletea barua ya kumpeleka mwezini siku ile, ningetia sahihi vilevile.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko Barabara ya Jules, kati ya muuza matairi na saluni ya mama mmoja wa Kikongo, na nimekaa mji huu miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu Morogoro. Nililetwa na mapenzi. Mume wangu alikuwa kijana wa huku aliyekimbilia kwetu wakati wa harakati za kupinga ubaguzi wa rangi. Tukaoana, na nchi yake ilipofunguka akarudi kwao na mke. Alikufa akiwa bado ananiambia kwamba watu wake watanizoea. Nina kitambulisho cha nchi hii, napika pap, ugali wa huku, kama wao, naongea Kizulu. Lakini nikifungua mdomo tu, watu wanageuka. Kizulu changu kina Uluguru ndani yake, nimekifua miaka thelathini na doa halitoki.

Binti yangu ni mlinzi. Lindo lake liko huko kaskazini, upande wa Diepsloot, na amepanga chumba hukohuko kwa sababu kwenda na kurudi kulikuwa kunamla usingizi wote. Kwa hiyo mtoto wake nimemlea mimi. Kwa desturi ya kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi, na utani ni haki yetu. Nilimwita mke mwenzangu tangu yuko kwenye nepi. Nilimwambia mume wetu ameshakufa, tumebaki wajane wawili, sasa yeye bi mdogo ndiye wa kuosha vyombo. Ndani ya nyumba alikuwa na mdomo mrefu. Alinijibu kwa Kizulu, kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili kidogo alichokitoa kwa kijiko kama dawa. Akivuka kizingiti kwenda nje, alikuwa bubu.

Na ububu huo nilimfundisha mimi.

Alikuwa na miaka saba mwaka ule walipovunja na kuchoma maduka ya wageni kwenye barabara yetu. Ilikuwa mchana, ametoka shule. Tulisikia kelele kutoka upande wa robot, taa za barabarani, na muuza matairi akaanza kushusha mlango wake wa bati. Nilimsukuma mtoto chini ya meza ya kukatia vitambaa, nikamfunika kwa mabaki ya nguo, nikamwambia, "Usitoe sauti. Hata ukisikia unaitwa, usiitike." Kisha nikatoka nje ili nifunge, na sikuweza kufunga wala kurudi, maana watu walikuwa wameshajaa. Muuza matairi, mtu wa hapahapa, alinivuta ndani kwake, akasimama mlangoni na kuwaambia humu hamna mgeni. Duka langu lilivunjwa kioo na cherehani moja ikaenda. Hawakulichoma, sijui kwa nini. Labda kiberiti kiliishia kwa jirani.

Nilirudi baada ya saa mbili au tatu. Nikamwita mtoto. Nikamwita kwa jina lake la shule, kwa jina la nyumbani, nikamwita mke mwenzangu. Kimya. Nilijua wamemchukua. Nilipoinua vile vitambaa nilimkuta yuko palepale nilipomwacha, macho wazi, mkono wake mwenyewe umeziba mdomo wake. Nilimkumbatia, nikamsifu. Nilimwambia ni hodari, ni mtoto mwenye akili kuliko watoto wote wa mtaa. Hilo ndilo kosa langu, na nimelirudia kichwani mara nyingi nikiwa kwenye cherehani: nilimsifu, lakini sikumwambia kwamba imekwisha.

Badala yake nikaifanya sheria. Njiani tusiongee. Ndani ya teksi, daladala za huku, tusiongee. Nikitaka kitu kwenye spaza, kiduka cha mtaani, namminya kidole, naye anaagiza kwa Kizulu chake kisicho na doa, kwa sauti ndogo, huku mimi najifanya nasoma maandishi ya sabuni. Watu wakanipongeza kwamba nina mjukuu mwenye adabu, hana kelele kama watoto wa siku hizi. Nikazipokea pongezi hizo bila haya yoyote.

Sasa turudi kwenye mpira. Kocha wao ni msichana wa Soweto, mwalimu wa michezo, ana miguu mirefu na sauti ya mnadani. Alikuja dukani na furushi la jezi nishone namba mgongoni. Nilipozifungua nikaona hazina mikono. Nikasikitika. Nikasema, maskini watoto wa shule hii, kiwanda kimewaletea kazi nusu na hakuna mtu mzima aliyekagua. Nilikuwa na kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye sare za kwaya, na mimi nguo ambayo haijakwisha haitoki dukani kwangu, labda nife. Nikazitia mikono jezi zote ishirini na mbili, mikono mirefu yenye pindo, siku mbili mgongo ukiniuma. Kocha alipokuja kuzichukua alikaa sakafuni akacheka mpaka akashika mbavu. Mpira ule unachezwa makwapa wazi, ndivyo ulivyo. Na mjukuu wangu, ambaye alijua hivyo, alikuwa amesimama pale dukani siku zote mbili akinitazama nashona. Hakusema neno kwa sababu kulikuwa na wateja, na usiku nilikuwa nafika nyumbani nimeshasinzia.

Nikafumua mikono arobaini na minne. Nikiwa nafumua, nikaamua nikauone huo mchezo wenyewe uliokataa mikono.

Wanacheza kwenye uwanja wa kriketi nyuma ya shule. Mpira wenyewe una umbo la papai. Kila upande kuna nguzo nne, na ukipitisha katikati unapata alama sita, ukipitisha pembeni unapata moja ya kukufariji. Unaruhusiwa kuupiga teke, unaruhusiwa kuushika kwa kiganja kimoja na kuupiga ngumi kwa mkono wa pili, lakini kuurusha ni dhambi. Ukikimbia nao lazima uudundishe, na papai halidundi mtu anakotaka. Kilichonitoa jasho ni kule kudaka. Mtoto anaruka, anaweka goti kwenye mgongo wa mwenzake, anampanda kama ngazi ili aufikie mpira angani, na refa badala ya kumchapa anapiga filimbi ya kumpongeza. Nilijiuliza ni wazazi wa aina gani walioutunga mchezo huo.

Mwaka wa kwanza mjukuu wangu aliwekwa pembeni kabisa ya uwanja, akawa anang'oa nyasi. Mpira ukimjia aliunyooshea viganja kama mtu anayemwagiwa maji ya kunawa, nao ukamteleza ukaenda zake. Nilidhani atauacha baada ya wiki tatu, kama alivyoacha kwaya na karate. Hakuuacha. Kila jioni nikifunga duka nilimkuta uani anaupiga ukutani, mguu wa kulia mara hamsini, wa kushoto mara hamsini, mpaka mpangaji wa nyuma akatishia kuhama. Muuza matairi akampa tairi kuukuu tukalitundika kwenye mti wa jirani, naye akawa anaupiga mpira kwa ngumi upite katikati. Mwanzoni ulikuwa unagonga kila kitu isipokuwa tundu. Kufika majira ya baridi ulikuwa unapita mara tatu kati ya tano. Akajifunza kuupokea juu, vidole vimetanuka, kabla haujafika kifuani. Miguu ikarefuka, kila muhula nilikuwa nashusha pindo la suruali ya shule mpaka pindo likaisha. Mwaka wa pili kocha akamweka beki, mbele ya nguzo zenyewe, na hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu mtoto niliyemlea kwa uji akipanda angani na kushuka na papai mikononi.

Akabadilika hata anavyotembea. Mabega yakarudi nyuma. Akawa anaingia dukani bila kujibanza kwenye fremu ya mlango. Lakini sauti haikutoka.

Na mchezo ule bila sauti hauchezeki. Katika mpira wetu wa kawaida adui unamwona mbele. Kule anatoka popote, ubavuni, mgongoni, na aliyeinama kuokota mpira hawezi kumwona anayekuja kumvaa. Mwenzake ndiye macho yake. Kwa hiyo wanaitana muda wote, hata aliyeishiwa pumzi anaita, uwanja mzima una kelele kama soko siku ya mwisho wa mwezi. Mjukuu wangu peke yake ndiye aliyekuwa ananyoosha kidole kuomba mpira, kama yuko darasani.

Siku ububu wake ulipoleta madhara, aliyelipia ni binti wa jirani yangu wa saluni. Wanacheza timu moja, wanakwenda shule pamoja. Alikuwa ameinama kuokota mpira. Msichana wa timu nyingine, mkubwa, mwenye mapaja ya mama mzima, akatoka ubavuni kwa kasi. Mjukuu wangu alikuwa hatua tano kutoka hapo na aliona kila kitu. Nilikuwa kwenye kiti changu cha kukunja pembeni ya uwanja, nikauona mdomo wake ukifunguka. Hakikutoka kitu. Tuliusikia mfupa wa mtulinga ukivunjika hata sisi tuliokaa mbali.

Jumatatu jirani alikuja dukani, kitana bado kiko mkononi. Ni mtu mpole, tunakunywa chai pamoja miaka yote. Safari hii hakukaa.

"Mama, weye ninakuheshimu," alisema. "Lakini mutoto yako aliona ule mutu anakuya, akanyamaza. Juu ya nini? Wa kwangu analala na mukono mu kamba. Ile ni roho gani?"

Mimi nina ulimi mkali na kila mtu Barabara ya Jules anaujua. Siku ile niliuacha, nikachukua mkasi. Ningeanzia wapi kumweleza? Nilikata pamba laini ya shuka, nikamshonea binti yake kitambaa cha kutundikia mkono, chenye vifungo viwili ili kamba isimkate shingo. Jirani alikipokea bila kunitazama, akarudi kwenye vichwa vya watu.

Kocha naye alikuja wiki hiyohiyo. Mwisho wa msimu kulikuwa na majaribio ya kuchagua timu ya jimbo ya wasichana, na kila kocha alitakiwa kupeleka majina. "Gogo," aliniambia, yaani bibi, na aliongea kwa upole kama daktari, "huyu ni mmoja wa watatu bora nilionao. Anaruka kuliko wote. Lakini sitampeleka. Mchezaji asiyeita ni hatari kwa wenzake. Nimeshabeba mtoto mmoja hospitali."

Nilimwambia anaelewa vibaya, mtoto ni mwenye haya tu. Akatikisa kichwa. Wakati huo pazia la chumba cha kujipimia nguo lilikuwa linatikisika, na chini yake niliona viatu vya shule vya mjukuu wangu.

Jioni ile hakwenda uani. Wala kesho yake, wala keshokutwa. Mpangaji wa nyuma akaniuliza kama mtoto anaumwa. Alikuwa anaosha vyombo bila kutumwa, anakunja nguo, ananijibu ndiyo Bibi, hapana Bibi, hata humo ndani ambamo mdomo wake ulikuwa mrefu. Hapo ndipo nilipojua kwamba ile timu anaitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na kwamba kinachomzuia ni kazi ya mikono yangu.

Nikafanya lililonijia. Jumamosi asubuhi tukitembea kwenda dukani, katikati ya Barabara ya Jules, mbele ya watu wanaosubiri teksi, nikafungua mdomo. "Mke mwenzangu," nikasema kwa Kiswahili na kwa sauti ya kawaida, "leo tupike nini?"

Macho yangu yenyewe yalikimbilia pembeni kuona nani amegeuka. Mtoto alinikamata kifundo cha mkono kwa nguvu iliyoniuma.

"Thula, Bibi," alinong'ona. Alikuwa ananiambia ninyamaze. "Thula."

Tukafika dukani nikafunga mlango kwa ndani, nikaacha wateja wagonge. Nikamkalisha. Nikamwambia sheria ile ya njiani imekufa, nimeifuta, nilikosea tangu mwanzo. Nikamwambia aongee, apige kelele, hakuna atakayemdhuru. Aliniangalia kama mtu anayesikiliza redio. Kisha akanijibu kwa Kiswahili, na Kiswahili chake huwa hakitoki bure.

"Siku ile nilikusikia ukiniita."

Nikamuuliza siku ipi, ingawa nilijua.

"Chini ya meza. Nilijua ni wewe. Nilidhani wamekushika, wanakulazimisha uniite. Nikasema nikitoka, watatuua wawili. Nikinyamaza, watachoka, watakuacha."

"Na uwanjani?"

"Nikitaka kupiga kelele, naona wewe utasikia. Utakuja. Utakuja mbio na hayo maguu yako, watu watakuona, watakuuliza unatoka wapi."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Miaka saba nilidhani namficha yeye, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananificha mimi. Nilikuwa nimechoka siku nyingi kabla ya hapo, uchovu wa miguu, wa mgongo, wa kuhesabiwa mgeni na watu niliowashonea sare za ubatizo. Uchovu wa asubuhi ile ulikuwa mwingine. Nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Kisha nikamwambia kwamba siku ile imekwisha. Nilichelewa miaka saba.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Siku ile, ndiyo. Nyingine siwezi kukuapia."

"Kwa hiyo nikipiga kelele uwanjani, hutakuja?"

"Sitakuja. Nitakaa kwenye kiti changu. Nimechoka, mke mwenzangu, hata ukiita moto nitakaa."

Akacheka, kidogo, kwa pua. Na hayo ndiyo yakawa makubaliano yetu: yeye aite, mimi nikae.

Watu husema mtoto alipata ujasiri kana kwamba aliuokota. Mimi niliuona ukija kwa uchoyo, kama maji ya bomba la mtaa wetu. Nikaanza kufunga duka Jumamosi saa nne asubuhi, wateja wakalalamika, nikawaambia harusi zao zinaweza kungoja kuliko magoti yangu. Jumamosi ya kwanza aliita mara moja, sauti ya kifaranga, na hapohapo akageuka kunitazama. Nilikuwa nimekaa. Jumamosi ya pili aliita mara tatu, na mara zote tatu akageuka. Kocha akamfokea kwa nini anatazama pembeni badala ya mpira. Hakumweleza, wala mimi sikumweleza. Nilishika kingo za kiti kwa mikono miwili, maana mwili wa mtu aliyemlea mtoto haujui makubaliano. Ukisikia sauti ile unataka kunyanyuka wenyewe.

Jirani wa saluni akarudi kukaa karibu nami binti yake alipopona mfupa. Nilimsimulia yote, na chini ya meza, na nilichomfundisha. Hakusema mengi. Alitoka kwao mashariki mwa Kongo kwa miguu, mtoto mgongoni, anajua mambo ya kunyamazisha watoto. Tangu siku hiyo ikawa nikianza kunyanyuka kwenye kiti, yeye ananivuta gauni.

Kidogo kidogo mjukuu wangu akapunguza kugeuka. Akaanza kuita kwa Kizulu, kwa Kiingereza, kwa chochote kilicho karibu na ulimi. Siku moja binti wa jirani alikuwa na mpira na mtu anamjia nyuma, naye mjukuu wangu akapiga ukelele wa Kiswahili, "Nyuma!" Yule binti akazunguka kisigino kimoja, adui akapita akaanguka kwenye nyasi. Jirani akanipiga paja. "Umesikia? Ule ni wetu!" Mjukuu wangu hakuwa amegeuka kunitazama. Nilifurahi, na niseme ukweli, niliumia pia kidogo, maana kwa majuma yote yale nilikuwa nimeyazoea yale macho.

Kocha akampeleka kwenye majaribio.

Yalifanyika kwenye uwanja mkubwa ng'ambo ya mji, wasichana wametoka kila upande wa jimbo, wengine na viatu vipya vya rangi ya pipi. Tulikwenda kwa kubadilisha teksi mbili, mimi na jirani na viti vyetu. Kipindi cha kwanza alicheza vizuri lakini alikuwa anaita nusunusu, watu ni wageni, hajui majina yao. Wachaguzi watatu walikuwa wanaandika kwenye karatasi, na kila nilipowatazama walikuwa wanamtazama mtu mwingine.

Kipindi cha pili aliruka kudaka, na msichana wa upande wa pili akaruka naye. Waligongana angani. Mjukuu wangu alishuka kwa ubavu, na akatoa ukelele wa maumivu ambao sijawahi kuusikia kwake tangu alipozaliwa. Nikasahau makubaliano. Nikasahau magoti. Nilikuwa nimeshasimama na nimeshaingia hatua mbili ndani ya mstari, jirani amebaki na kipande cha gauni langu mkononi, wakati mtoto alipoinua kichwa kwenye nyasi akaniona.

"Kaa, Bibi!" alipiga kelele kwa Kiswahili. "Kaa chini! Nimesema kaa!"

Uwanja mzima ukageuka. Wachaguzi wakageuka. Wazazi wa wale wenye viatu vya pipi wakageuka kumtazama bibi kizee aliyevamia mchezo. Mtoto aliyelelewa kwa adabu, aliyepongezwa mtaa mzima, alikuwa ananifokea mbele za watu kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Nikarudi nikakaa. Akasimama, akajipapasa mbavu, akaokota mpira, na kuanzia hapo hakufunga mdomo. Aliwaita watu asiowajua kwa namba zao za mgongoni. Aliwapanga, aliwaonya, aliwagombeza. Mpaka filimbi ya mwisho alikuwa hana sauti tena, anaita kwa mluzi wa koo tu. Jirani alikuwa anacheka huku anafuta macho. Mimi sikuweza hata kukunja kiti.

Majina yalitoka siku ya Alhamisi, yalitumwa kwa simu. Nilikuwa mlangoni mwa duka, nimetoka kuota jua na sketi ya mteja mapajani, napinda pindo kwa mkono, pini zimejaa mdomoni. Ilikuwa saa ya watoto kutoka shule. Foleni ya teksi ilikuwa ndefu, na wanaume wengine nisiowajua walikuwa wamesimama mbele ya muuza matairi.

Alitokea ng'ambo ya barabara, kwenye robot, mkono mmoja umeinua simu. Hakungoja taa.

"Bibi!" Sauti ile ya uwanjani, yote, juu ya magari na honi. "Bibi! Wamenichukua! Nimo! Bibi, nimo kwenye timu!"

Kwa Kiswahili, kutoka upande wa pili wa Barabara ya Jules. Foleni nzima ilimgeukia. Kisha, kama watu wanavyofanya, wakafuata macho yake ili waone anamwita nani.

Ningetaka kuandika kwamba nilisimama nikapiga vigelegele. Alistahili vigelegele. Niliinamisha kichwa, nikatazama pindo la sketi kana kwamba aliyeitwa ni mtu mwingine, kisha nikanyanyuka, nikaingia ndani, nikasimama nyuma ya meza ya kukatia. Miguu ndiyo iliyofanya hivyo. Mimi nilikuwa bado nasikia furaha ya jina lake kuwemo.

Akaingia anahema, uso wote unacheka. Akaniona nilipo. Nilingoja anilaumu, na nilikuwa tayari, maana nilimfundisha yeye kutoka mafichoni nikabaki humo mwenyewe. Kicheko kilimtoka usoni polepole, lakini hakukasirika. Alizunguka meza, akanishika bega, sasa ni mrefu kuliko mimi.

"Sawa tu, Bibi," alisema. "Wewe umechoka. Nitaongea mimi."

Akatoka tena nje. Nikamsikia mmoja wa wale wanaume akimuuliza kwa Kizulu kelele zote zile alikuwa anamwita nani.

"Bibi yangu," mjukuu wangu akamjibu, kwa sauti ambayo muuza matairi aliisikia, na saluni iliisikia, na foleni nzima ya teksi iliisikia. "Ni Mtanzania. Yumo humu ndani, anashona."

Kisha yule mwanamume akasema halala, hongera, na nikasikia viatu vyake vikiondoka. Ilinichukua muda mrefu kuzitoa zile pini mdomoni.